Binti Mwenye Jambo

Mwanachuo alikuwa akisoma ukurasa uleule tangu stendi, kwa sababu mama wawili wa kiti cha mbele, ambao hawakujuana kabla ya safari, walizungumza kama watu wasio na siri.

“Binti yangu ana miaka kumi na minne,” alisema mmoja wao, fundi cherehani. “Leo kanipa shikamoo, nikasema marahaba, hujambo? Akanijibu, nina jambo.”

“Jambo gani?” aliuliza mwenzake, muuza mikate.

“Sikuuliza. Nilimwambia mkubwa hajibiwi hivyo. Akarudia vizuri, sijambo.” Alilitamka kwa fahari, kisha fahari ikamwishia mdomoni.

“Shoga yangu, swali tunaliuliza kila siku. Kapatikana mmoja wa kulijibu, ukamkaripia.”

“Wako wewe wanajibuje?”

“Wangu watatu hawakuwahi kuwa na jambo, mpaka wakahama. Sasa habari zao nazisikia kwa watu.”

Mwanachuo, ambaye kila Jumapili humwambia mama yake sijambo kwenye simu, alifunga kitabu.

“Jioni nitamuuliza upya,” alisema fundi. “Ila akiniambia sijambo, nitajuaje?”

Basi lilisimama. Muuza mikate alimgusa bega, akabeba kapu lake, akashuka.