Mboji ya Aman Wirda Imeiva?

Benchi la Inen Samsi, yaani mama yake Samsi, muuza kahawa, lina miguu mitatu ya mti na mmoja wa tofali, hapo njia panda ya kuteremkia ziwani, nje kidogo ya mji wa Takengon. Asubuhi ile Aman Wirda, yaani baba yake Wirda, alifika na konzi ya mboji ndani ya mfuko wa plastiki. Ilitoka kwenye lundo lake la maganda ya kahawa na samadi ya mbuzi, lenye wiki saba. Mwaka jana aliharakisha, akatandaza mboji mbichi, na miche mia tatu ya pilipili ya mkewe ikanyauka ndani ya siku nne. Sasa mkewe alikuwa na miche mingine kitaluni, imeanza kurefuka kupita kiasi, na alimwuliza jambo moja tu kabla hajatoka: imeiva au haijaiva? Aman Wirda alitaka mtu amwambie imeiva.

— Lete hapa, — akasema mkaanga kahawa waliyemwita Pua, kwa kuwa hunusa kila kitu, hata maji ya kunywa. Akatia uso mfukoni. — Inanukia msitu. Tayari hii.

— Msitu gani, bwana? Pua yenyewe imejaa moshi miaka ishirini! — Huyo ni Redio, dereva mstaafu ambaye hajapata kuzimwa. — Mboji unaiminya. Ikitoa maji, mbichi. Ikimomonyoka, imeiva.

Akaiminya. Ikashikana donge, halafu ikapasuka katikati.

— Haya, hiyo sasa ndiyo nini? — akauliza Pua.

— Nusu.

— Akatandaze nusu ipi?

Inen Samsi akawaongezea kahawa.

— Marehemu mama alikuwa anatazama minyoo. Ikishahamia, basi.

— Minyoo si kitu, — akasema Pua. — Inategemea mbuzi. Mbuzi mwenye hasira, samadi yake haipoi upesi. Wako si yule aliyempiga imamu pembe?

— Huyo huyo, — akakiri Aman Wirda.

— Ah! Ongeza mwezi.

— We Pua, si umesema tayari? — akauliza Inen Samsi.

— Nilikuwa sijamkumbuka mbuzi.

— Nyie hamjui kitu, — akasema Redio. — Kule Bireuen kuna mzee analala juu ya lundo lake, wallahi. Akiota ndoto ya moto, anageuza. Akiota mvua, anatandaza.

— Na akikosa usingizi?

— Anamwuzia jirani.

Aman Wirda alicheka nao, lakini kichwani alikuwa akipiga hesabu ya nani yuko upande gani, na kila alipodhani amepata jibu, mmoja wao alihama.

Mwisho wa benchi alikaa mama mmoja mgeni, kikapu cha maparachichi miguuni, akisubiri gari.

— Samahanini, kaka zangu. Lundo lenyewe, katikati, limeshapoa?

Pua akanusa tena mfuko. Redio akaiminya tena.

— Hii uliichota wapi? — akauliza Inen Samsi.

— Juu juu, — akasema Aman Wirda. — Pembeni.

Gari likaja, mama akapanda na kikapu chake. Aman Wirda akarudi nyumbani moja kwa moja, akakunja shati, akazamisha mkono ndani ya lundo hadi kiwiko. Akauchomoa kabla hajamaliza bismillahi.

Mkewe alikuwa amesimama kitaluni na kopo la maji.

— Vipi?

Angeweza kumwambia kwamba Pua ameinusa na kuipitisha.

— Bado. Ndani inaunguza.

Akangoja lawama. Mkewe akaitazama miche, kisha akautazama mkono wa mumewe, mwekundu mpaka kiwikoni.

— Miche hii haitangoja; nitampelekea dada, shamba lake liko wazi. Sisi tutasia mingine, — akasema, akaweka kopo chini. — Chukua koleo, anzia upande ule. Tuligeuze lundo.