Siku Ikhlas Alipoikataa Saini

Mheshimiwa Diwani wa mtaa wetu. Bi Darlene Hrycak, uliyemsimamia binti yetu tangu apewe leseni ya muda ya uwakala wa ardhi. Bwana Orest Pawluk, uliyewaacha ng'ombe wako katika msimu wa kuzaa ukaendesha gari kwenye theluji mpaka Edmonton. Wazee wenzangu, akina mama mlioamka alfajiri kupika, vijana na wageni waalikwa: amani iwe juu yenu.

Nimepewa heshima ya kumzungumzia Ikhlas Babiker akiwa amekaa mbele yangu. Mama yake ameniomba nisirefushe. Nitajaribu.

Huko kwetu Wad Madani, kando ya Nili, alikuwa mpima ardhi. Wakulima wa mashamba ya Gezira walipogombania mpaka, aliyeitwa ni yeye. Hapa, shahada yake ilipelekwa kukaguliwa na watu wasiojua Gezira iko upande gani. Ni wangapi wetu humu ukumbini ambao shahada zetu zimefifia ukutani tukiendesha teksi? Yeye alisafisha vyumba vya hoteli, akasoma sheria za ardhi za jimbo hili la Alberta, akafaulu mtihani. Ikabaki kumaliza muda wa kufanya kazi chini ya Bi Darlene. Kosa moja la kisheria, na leseni kamili ingempita.

Wakala wa ardhi humwendea mkulima kumwomba aruhusu kampuni ipitishe bomba la gesi shambani mwake. Sheria inamtaka amwachie mkataba, aondoke, wala asirudi kujadiliana mpaka siku mbili zipite. Sasa niambieni, nani kwetu alimfundisha mwanawe kuondoka nyumbani kwa mtu na jambo halijakwisha? Kwetu msuluhishi hanyanyuki mkekani mpaka mikono ishikane.

Basi Ikhlas akaketi jikoni kwa Bwana Pawluk, mkataba mezani, Bi Darlene pembeni akitazama. Akauliza habari za afya yake, za marehemu mkewe, za ng'ombe mmoja mmoja. Bwana Pawluk, nisahihishe nikikosea: ulimuuliza, "Wewe mama, umekuja kuniuzia bima?"

Chai ikanywewa, pai ikaliwa, picha za ukutani zikaelezwa. Jua likainama. Mwishowe mzee akauvuta mkataba.

"Nipe kalamu, binti. Tangu Stella afe hakuna aliyekaa hapa na mimi hivi. Siwezi kukuacha urudi mikono mitupu."

Hapo Ikhlas akaona alichokifanya. Adabu tuliyomlea nayo ilikuwa imemfunga mzee wa watu. Kwetu, kukataa ukarimu wake ni tusi. Kuukubali ni kuvunja sheria. Akaifunika karatasi kwa kiganja.

"Baba, usitie saini kwa ajili yangu. Nimekaa mno, na kosa ni langu."

"Shamba ni langu. Watu wa bomba siku zote wana haraka, wewe unanizuia?"

"Nakuzuia leo tu. Nitarudi sheria ikiniruhusu. Ukinifungia mlango, hiyo pia ni haki yako."

Bwana Pawluk alinuna. Bi Darlene anasema hata hakuwaaga. Lakini kesho yake mzee aliutembea kwa miguu mstari uliopangiwa bomba, akakuta unapita katikati ya misonobari aliyoipanda Stella kuikinga nyumba na upepo. Ikhlas aliporudi, walibishana sawasawa, kila mtu na akili zake. Mstari ukasogezwa. Ndipo mzee akatia saini. Bi Darlene naye akatoa neno lake kwamba huyu yuko tayari, na wiki hii leseni kamili imefika.

Ndugu zangu, wengi wetu humu tulitolewa kwenye ardhi yetu na watu ambao hawakubisha hodi. Mimi nilikuwa na bustani ya michungwa kando ya Nili; siku moja ikachukuliwa. Nimesoma vitabu vingi nikitafuta jina la jambo lile, sijalipata.

Ikhlas, binti yangu, kuanzia leo riziki yako ni kubisha hodi, kusema wazi unachotaka, kisha kumpisha mwenye ardhi afikiri. Kama ungekuwa wewe uliyekuja siku ile, sijui ningekujibu nini. Huenda ningekataa. Lakini ningependa sana awe mtu kama wewe aliyesimama mlangoni kwangu.

Wageni wetu, mmenivumilia, na mama yake Ikhlas amenivumilia kuliko wote. Asanteni kwa kunipa masikio yenu.