Fundi Subiri, Aliyezilisha Ndege Ramani Mpya

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuguzi. Dada yake mkubwa anasema alichelewa kuzaliwa kwa wiki mbili, na tangu hapo hakukubali kuharakishwa na mtu.

Alisoma karibu na nyumbani, kisha akahitimu umeme wa ndege katika chuo cha ufundi mwaka 1984. Jiografia ilimpiga chenga tangu utotoni. Aliwahi kuchora mto unaopanda mlima. Alipopata kazi ya kuzipa ndege ramani, ndugu zake walimwambia, "Sisi tutapanda basi."

Alianzia kwenye redio, katika karakana ya uwanja mdogo wa ndege. Kompyuta za kumwongoza rubani zilipoingia, akakabidhiwa yeye. Kila wiki nne taarifa za viwanja, minara na njia za angani hubadilika, naye alizipakia kwa kadi ndogo, skrini moja baada ya nyingine. Rubani akimkimbiza, alijibu, "Subiri," bila kuinua kichwa. Jina likamganda.

Siku moja mwaka 1998 alijisahau. Aliipakia skrini ya kushoto, ya kulia akaiacha na taarifa za zamani. Rubani, dada mmoja asiye na simile, aliwasha mitambo, akaona onyo, akateremka.

"Fundi, hawa wawili hawaelewani. Nimwamini nani?"

"Usimwamini yeyote," alijibu, uso umemshuka. "Kosa ni langu. Nipe nafasi nirekebishe."

Rubani alisema baadaye kwamba mafundi wengine wote aliowajua wangeisingizia mashine. Marehemu alipomposa, jibu lilikuwa, "Subiri." Alisubiri mwaka mzima, karakana ikacheka mpaka ikachoka. Walifunga ndoa tarehe 8 Januari 2000, na mwaka uliofuata wakajaliwa binti.

Saratani ya tumbo ilipogunduliwa mwaka 2023, hakuogopa kufa. Alimwogopea mkewe. "Nani atakuangalizia ndege?" alimuuliza. Binti yao alikuwa tayari ameirithi kazi hiyo, na kwa sifa, lakini mzee aliendelea kwenda karakanani na mkongojo wake kukagua upya kila alichofanya mtoto.

Februari 2025 hospitali ya mbali alikolazwa ilimruhusu arudi nyumbani, na mkewe akaja na binti yao kumchukua kwa ndege. Mgonjwa akataka ainuliwe hadi mbele akazione skrini. Binti akamfunga mkanda kwenye kiti cha nyuma.

"Baba, leo wewe ni abiria."

Mzee akacheka. "Haya, mama. Twende."

Alilala usingizi safari nzima. Mkewe anasema hajawahi kumbeba abiria mwenye utulivu kama ule, na kwamba alilia kwa furaha huku akiongoza ndege.

Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 3 Machi 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mke, binti, dada yake mkubwa na mafundi wenzake waliokuwa kama ndugu. Mkewe anarudi angani wiki ijayo. Binti ameshaiandaa ndege, na mama hakuuliza amwamini nani.

Mungu amjalie Fundi wetu mapumziko ya amani.