Nani Amewahi Kulala Roccalupa?

Kijiwe cha Roccalupa kina wajumbe watatu, benchi moja la jiwe na mkahawa mmoja, na Alhamisi ile kilikuwa kimebakiwa na kopo moja tu la kahawa. Benchi limeegemea ukuta nje ya mlango wa Ersilia, na kila asubuhi hujazwa na wazee walewale kwa mpangilio uleule. Kushoto hukaa Oreste, anayeitwa Jenerali kwa sababu alipokuwa jeshini alipika supu ya kikosi kizima. Katikati hukaa Settimio, ndiye Profesa, aliyepiga kengele ya shule miaka thelathini na minane, na kwa kusikiliza mlangoni akamaliza madarasa yote. Kulia ni Duilio, dereva mstaafu wa basi la kwenda Perugia, jina lake Gia ya Tatu, maana mlima ule hakuwahi kuupanda kwa gia nyingine. Wote wamevuka sabini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukubali kwamba mwenzake anajua jambo.

Ersilia alisimama mlangoni, kitambaa cha kufutia vikombe begani. Nusu ya vikombe alikwisha kuvifunga kwenye magazeti na kuvipanga ndani ya makasha. Binti yake kule Torino alikuwa amemwandalia chumba, na Ersilia ameshatangaza: kopo hili likiisha anafunga, hataagiza jingine. Wateja watatu wanaokunywa kikombe kimoja kimoja na kukaa mpaka jua linageuka, hiyo si biashara, hiyo ni ndoa. Wazee waliposikia hivyo walipata wazimu. Wakamwandikia barua bwana mmoja anayetunga kitabu cha kuwaongoza wasafiri, wakamwambia Roccalupa ina historia nzito. Bwana akajibu kwamba atapanda Alhamisi saa tano. Akiuandika mji kitabuni, wageni watakuja; wageni wakija, Ersilia atabaki. Kasoro ilikuwa moja tu, barua haikusema historia yenyewe ni ipi.

Ersilia alijifanya hayamhusu. Lakini tangu alfajiri alikuwa ameshafagia kizingiti mara tatu.

— Tunasema Garibaldi alilala hapa, Gia ya Tatu alianza. Fupi, safi, hakuna maswali.

— Alilala nyumba ipi? Profesa aliuliza.

— Kwetu. Chumba cha juu. Bibi yangu ndiye aliyemtandikia.

— Garibaldi alipita huku mwaka 1849, akitoka Roma mbio na wanajeshi nyuma yake, Profesa alisema, kidole juu. Bibi yako mimi nimecheza naye karata! Alimtandikia lini?

— Basi bibi wa bibi. Kwani mnataka cheti cha kitanda?

— Subiri kwanza, Jenerali akaingilia. Jirani zetu wa Monteleccio wana kibao ukutani, alilala kwao. Wale wa bondeni nao wana kibao. Kuanzia hapa mpaka baharini kila mji una kibao. Mtu huyo aliiunganisha Italia saa ngapi, kama kila siku alikuwa kitandani?

Ersilia alicheka ndani ya kitambaa chake. Akaingia, akapima kahawa kwa kijiko, akatikisa kopo karibu na sikio. Ilibaki ya vikombe vinne. Kwa wazee hawa, akihesabu na yule bwana, ilikuwa inatosha kabisa na hakuna zaidi.

— Mimi nawapa kitu cha kumtoa mtu macho, Jenerali alikuwa anasema Ersilia alipotoka na trei. Tembo.

— Ameanza, Gia ya Tatu alisema.

— Tembo wa Hannibal! Vita ya ziwa Trasimeno, pale chini, unaliona ziwa kutoka dirisha la choo changu. Aliwanyoosha Warumi asubuhi na mapema, ukungu mzito, hawakujua wamepigwa na nani. Sasa tembo baada ya vita anahitaji nini? Anahitaji hewa. Akapandishwa huku kupumzika.

— Oreste, ndugu yangu, Profesa alisema kwa huruma ya uongo. Alipofika kwenye ziwa, Hannibal alikuwa amebakiwa na tembo mmoja tu. Wengine baridi iliwamaliza.

— Ehee! Mmoja! Ndiye huyohuyo!

— Na Hannibal mwenyewe alikuwa na jicho moja, jingine limeozea kwenye vinamasi vya mto Arno.

— Ndiyo maana akakosea njia ya Roma akaja kwetu! Jenerali alipiga goti lake kwa furaha mpaka kahawa ikaruka. Profesa, wewe leo unanisaidia mno, Mungu akubariki. Yule tembo amezikwa kwenye shamba la mizabibu la binamu yangu. Ndiyo maana zabibu zake zimenenepa vile.

— Unatupiga kamba mchana kweupe.

— Nenda kaonje.

Profesa alishusha kikombe. Alipotaka kusema jambo kubwa hushusha kikombe kwanza, na Ersilia, aliyekuwa amemtazama akifanya hivyo kwa miaka arobaini, alijikuta anasogea karibu kusikia.

— Mkate, Profesa alisema.

— Mkate umefanya nini?

— Mkate wetu hauna chumvi. Mgeni akiuma anadhani mwokaji amefiwa. Kwa nini? Kwa sababu Papa alipandisha bei ya chumvi mwaka 1540, watu wa Perugia wakasema hatununui, wakapigana, wakapigwa. Tangu hapo mkate hautiwi chumvi, kwa hasira.

— Hilo Perugia yote wanalijua.

— Wanalijua, lakini hawajui nani alianza! Profesa sasa alikuwa amesimama nusu. Alianza mwanamke wa hapa. Mjane. Mwenye duka. Mtoza ushuru wa Papa alisimama palepale aliposimama Ersilia, akasema lipa. Yule mwanamke akachukua gunia la chumvi, akamwaga barabarani lote, akamwambia mwambie bwana wako aje alambe!

Ersilia aliangalia miguu yake pale kwenye kizingiti. Alijua kabisa kwamba Profesa amemzua mwanamke yule sasa hivi, lakini alimpenda.

— Jina lake nani? aliuliza.

— Ersilia, Profesa alisema bila kupepesa.

— Nyie wazee mtanitia kichaa.

Saa tano ikapita. Saa tano na nusu ikapita. Barabara ya kutoka bondeni ilikuwa tupu. Wazee, kadiri hofu ilivyowapanda, ndivyo historia ilivyozidi kukua. Gia ya Tatu, aliyeona Garibaldi wake amekufa, alimleta Leonardo, yule mchoraji wa kale: alichora ramani ya ziwa, na ziwa huwezi kulichora ukiwa pembeni yake, lazima upande juu, na juu ni hapa. Akiwa hapa akaona mbuzi wa jirani yao Zelinda anaruka kutoka mnara wa kanisa na kutua salama, ndipo akawaza mashine ya kuruka.

— Zelinda yuko hai, Duilio! Profesa alisema. Amepita hapa jana na vitunguu!

— Mbuzi wa ukoo wa Zelinda. Usinibane.

— Tuunganishe, Jenerali alisema, amewiva uso mzima. Hannibal analeta tembo. Tembo anazeeka. Anapewa mkate, anaukataa kwa sababu hauna chumvi...

— Miaka elfu moja na mia saba baadaye?

— Tembo anaishi sana! Halafu Garibaldi...

— Habari zenu, wazee. Hapa pana kahawa?

Wote wakageuka. Si bwana wa kitabu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, kofia kubwa, fimbo mkononi, mzigo mgongoni, vumbi mpaka magotini. Mmoja wa wale mahujaji wanaotembea kwa miguu kwenda Assisi, ila huyu alikuwa amepotea njia, maana ile ya Assisi haipiti Roccalupa.

— Ipo, Ersilia alisema. Unataka ya namna gani, mwanangu?

— Kapuchino, mama, kama haikusumbui.

Benchi zima likashtuka. Jenerali alitazama saa yake, akawaonyesha wenzake kama mtu anayeonyesha jeraha. Saa sita kasorobo, na kwao kahawa ya maziwa ni ya asubuhi tu.

— Maziwa? Saa hizi? Gia ya Tatu alinong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani. Utamwua tumbo.

— Ersilia, kahawa hiyo ni ya yule bwana! Profesa alisema. Ndiyo ya mwisho!

Ersilia alisimama na kopo mkononi. Alimtazama mwanamke, midomo imempasuka kwa jua. Aliitazama barabara tupu. Moyo ulimuuma, ukweli ni huo, kwa sababu alijua anachokimimina. Akamimina.

— Mwenye kiu amefika, asiyekuwa na kiu hajafika, alisema. Nyamazeni.

Mgeni, jina lake Nives, alitafuta pa kukaa. Wazee walikuwa wamelijaza benchi lote, na hakuna mtu aliyewahi kuwaomba wasogee. Basi akaketi chini kwenye mawe ya barabara, mbele yao, akavua kiatu kutoa changarawe. Akanywa funda moja, akafumba macho, akayafumbua. Kisha akainamisha kichwa, akachungulia kati ya miguu ya Profesa.

— Samahani, baba. Hapo chini pameandikwa nini?

— Chini wapi?

— Kwenye jiwe mlilokalia. Nyuma ya miguu yenu.

— Hakuna kitu nyuma ya miguu yetu, binti.

— Kuna maandishi.

Walinyanyuka mmoja mmoja, magoti yakilia, wakageuka. Ersilia aliacha trei, akatoka mbio na kitambaa, akapiga magoti. Uso wa juu wa lile benchi alikuwa ameuosha kila asubuhi ya maisha yake. Uso wa mbele hakuwahi, maana kila mara palikuwa na miguu. Alisugua. Kuvu ikatoka, vumbi la visigino likatoka, na herufi zikajitokeza, kubwa, za kale, zimechongwa kwa mkono uliotulia. Mistari mitatu. Katikati zilikuwa zimelika, palepale Profesa alipozoea kupigisha visigino vyake akiwa kwenye mabishano. Pembeni palikuwa na mchoro mdogo, mstari uliopinda kuelekea juu.

— Mkonga! Jenerali alipiga ukelele, na machozi yakamtoka waziwazi. Ule ni mkonga!

— Ni jani, alisema Gia ya Tatu, lakini naye aliinama zaidi kuutazama.

— Ni la Kirumi? Nives aliuliza. Limeandikwa nini?

Wakamgeukia Profesa. Ersilia naye alimgeukia. Mzee alikuwa ameshuka kwa magoti yote mawili, miwani imemteremkia puani, kidole kikipita juu ya herufi bila kuzigusa. Ersilia alingoja Papa, alingoja Hannibal, alingoja yeyote.

— Sijui, Profesa alisema.

Neno hilo halikuwahi kutamkwa kwenye kijiwe kile. Jenerali alivua kofia.

— Sijui, Profesa alirudia, na uso wake ukang'aa kama wa mtoto aliyepewa zawadi. Jamani, kweli kabisa, sijui! Nimelikalia miaka arobaini, baba yangu amelikalia, na sijui!

Ndipo gari dogo jeupe likapanda kona, likasimama. Bwana wa kitabu alishuka akifuta shingo, akawakuta wazee watatu na wanawake wawili wamepiga magoti na kumpa migongo.

— Samahani kwa kuchelewa. Nimetoka Monteleccio. Ndipo hapa pia alipolala Garibaldi?

— Hakulala! wote watatu walimjibu bila kugeuka.

— Hakuna mtu aliyewahi kulala hapa, Gia ya Tatu aliongeza. Toka kwenye mwanga, bwana, unatuzuia kuona.

Bwana alisogea. Kisha akachungulia. Kisha akachuchumaa nao na kutoa daftari.

— Limeandikwa nini?

— Hatujui! Jenerali alisema kwa majivuno makubwa.

— Mama, Nives alimwambia Ersilia taratibu, una chumba? Nataka kuwepo mkijua.

— Kipo cha juu. Kina makasha, nitayatoa.

— Tutaweka kibao, Profesa alisema. Nives alilala hapa.

Bwana wa kitabu aliinua kichwa na kuuliza kama angepata kahawa. Ersilia alimwambia kahawa imekwisha. Aliinuka, magoti yamejaa vumbi, akaingia ndani mpaka kwenye simu, akazungusha namba ya muuza kahawa wa Perugia aliyoijua kwa moyo.

— Ersilia wa Roccalupa hapa. Ndiyo, najua nilikwambia nimemaliza, alisema, huku akimtazama Jenerali kupitia mlangoni akisugua mkonga wake kwa ncha ya leso. Niletee kilo tano. Hapana, si Jumatatu. Kesho.