Mafuta Niliyoyaosha kwa Sabuni

Ndugu zangu, mnivumilie nikiongea polepole, nimetoka kazini sasa hivi.

Tulitoka Louisville, tulikokuwa tunapanga, tukanunua nyumba hapa Buffalo. Nyumba kuukuu, inapashwa joto kwa mafuta, na tanki liko chini, kwenye besimenti. Mimi niliyeishi kambini miaka mingi, nyumba hii niliipenda kupita kiasi.

Ijumaa moja gari lilileta mafuta. Lilipoondoka nikasikia harufu. Kushuka chini, bomba la tanki limepasuka, mafuta yametanda sakafuni. Na kesho yake wamama wa maombi wanakuja kwangu. Bon, mnajua tulivyolelewa kule kwetu milimani. Mgeni akute nyumba inanuka? Nikafunga bomba, nikachukua sabuni ya unga, ufagio na mpira wa maji. Nikasugua mpaka jioni, nikasukuma yote kwenye tundu la maji machafu. Hata nikajisifu.

Wiki iliyofuata harufu ikatokea kwa jirani, mkaguzi wa mji akaja na mkalimani wa simu. Akauliza, "Mama, mafuta yamevuja tangu lini?"

Nikaogopa. Nikasema sijui.

Neno hilo ndilo lililonimaliza. Mafuta yalikuwa yamepita kwenye nyufa hadi udongoni. Watu wa bima ya nyumba yetu wakaandika: kama hujui, basi yamevuja kidogo kidogo siku nyingi, na hayo hatulipi. Donc, sakafu ivunjwe, udongo uchimbwe, na mwenye nyumba alipe. Hatukuwa na uwezo huo. Mume wangu akasema tuiache nyumba. Nikaongeza masaa ya kazi mpaka mgongo ukakataa. Nawaambia, nilikuwa nalala na viatu.

Siku moja katikati ya maombi nikashindwa, nikawaambia wamama yote. Mmoja wao, anayetunza wazee, akaniuliza, "Sasa mama, ulificha nini? Kwani uliiba?"

"Niliona aibu. Nilidhani watatufukuza kwenye nyumba."

"Aibu hiyo ndiyo itawafukuza. Kesho tunaenda wote kwa watu wa bima."

Tukaenda. Nikasema kila kitu, hata sabuni. Nikatoa karatasi ya gari la mafuta, yenye tarehe. Bima wakakubali kwamba bomba lilipasuka siku ile ile, wakalipa kazi ya udongo. Uchafu niliousukuma kwenye lile tundu ukafika kwenye mfereji wa mtaa, gharama ya kuusafisha ni yangu. Ninailipa kila mwezi, na bado.

Asante mama uliyenisindikiza. Asante ninyi mliotupikia wakati sakafu iko wazi. Na wewe mwenye tanki kama langu, mafuta yakimwagika, usioshe. Piga simu, useme ulichofanya, hata kama ni ujinga.

Bado nimechoka, siwadanganyi. Lakini juzi barua ilikuja: udongo umepimwa, ni safi, tunaweza kukaa. Mume wangu aliisoma kwa sauti, halafu akakaa kwenye ngazi akalia. Hata siku tulipokimbia kwetu sikumwona akilia.