Mzee Revocatus, Mtu wa Kwenye Katuni, Anatuaga

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Revocatus Luhende anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha nyama kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno ya kuchangamsha. Nimejitahidi, ila mengine yamegoma kuchekesha.

Alianza kama mlinzi wa zizi, akapanda hadi kuwa mnunuzi mkuu. Alikuwa akimtazama ng'ombe kwa mbali na kutaja uzito wake kabla mizani haijatulia. Kofia yake ya pama ilijulikana katika kila mnada, kuanzia Nzega hadi Choma alikozaliwa. Wafugaji hawakuwa na mnunuzi mwingine wa maana: ukiikataa bei ya Revocatus, unarudi nyumbani na ng'ombe wako. Sisi wa ofisini tuliita hilo soko la uhakika.

Umaarufu wake, hata hivyo, aliupata kwa Zamda, binti wa fundi cherehani pale Tabora mjini, anayechora katuni kwenye gazeti la kila wiki. Utaratibu wetu mnaujua. Bomba la kunyweshea mifugo mnadani hutiwa kufuli, na ng'ombe hanywi mpaka apimwe, kwa maelezo kwamba kampuni hainunui maji. Wanyama waliotembea tangu alfajiri husubiri juani hadi alasiri, na kilo zinapungua. Zamda alimchora Mzee ameketi juu ya bomba na kofia yake, kitambi ameongezewa, anakunywa soda baridi. Mbele yake amesimama ng'ombe mbavu nje, na mfugaji aliyeshika kopo tupu. Tuliibandika kwenye ubao wa matangazo, tukacheka hadi machozi. Mzee mwenyewe aligawa nakala kwa wageni, akilalamikia kitambi tu. Wiki zilizofuata Zamda hakumwacha: mara amemchora akiyatia mawingu kufuli, mara akimpandisha mfugaji kwenye mizani.

Krismasi ya mwaka juzi Mzee alikwenda kula sikukuu Choma, kwa mdogo wake Amon. Shemeji yake Theodora, mke wa Amon, aliandaa ugali na nyama ya kutosha. Mzee alipoomba maji, Theodora akamjibu mbele ya watoto na majirani: "Subiri kwanza, shemeji. Utakunywa ukishapimwa."

Ukoo mzima uliangua kicheko, maana shemeji ana haki ya kutania. Mzee naye alicheka, kisha akaona kwamba Amon hacheki. Wiki ileile Amon alikuwa ameuza madume wake kwenye mizani ya kaka yake, baada ya kushinda nao juani bila tone. Mzee alitusimulia hayo Januari huku ameinamisha uso.

Mnada uliofuata, alifungua kufuli asubuhi. Ng'ombe wakanywa, wafugaji wakamtazama kama mgeni. Hakufika mbali. Uongozi ulimhamishia stoo ya ngozi, ambako amemalizia utumishi wake, na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo kumtetea. Kufuli lilirudi mahali pake. Nafasi yake nilipewa mimi, na sasa katuni ni zangu. Zamda ameyapatia sana masikio yangu. Siku hizi sipeleki gazeti nyumbani.

Mzee Revocatus, tunakushukuru kwa kutufundisha kazi, kwa utani wako, na kwa jambo ulilolifanya peke yako ilhali tulikuwa wengi. Tunajua unahamia Choma na ng'ombe wako wachache, na kiwanda kingine cha kuwauzia hakipo. Siku utakapowaleta utasimama nje ya uzio pamoja na Amon, na mimi nitakuwa kwenye mizani.

Tunakutakia afya njema na maisha mema, wewe na familia yako yote. Ukija mnadani, tafadhali wanyweshe njiani, maana mimi bado sijathubutu kufungua.