Aliyejibu Salamu za Ukumbi Mzima

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mzee Mmanga Hamad Nassor anastaafu, baada ya kuitumikia kwa miaka thelathini na mmoja jumuiya yetu ya taifa inayosimamia michezo ya watu wenye ulemavu. Utaratibu unamtaka siku hiyo arudishe ufunguo wa ofisi ya Pemba. Ufunguo uko kisiwani Makoongwe. Aliusahau huko mwezi uliopita alipokwenda kumjulia hali mchezaji aliyeteguka mguu, na mpaka leo tunaingilia mlango wa nyuma. Mimi niliyeombwa kuandika wasifu huu ni katibu wake wa miaka mingi, na nitasema kweli: mtu huyu amenichosha.

Alianza kama mwalimu wa michezo wa skuli huko Konde, Jumuiya ikamchukua awe mratibu wa kisiwa kizima. Wakati huo wenye ulemavu wengi walikuwa hawatolewi nje hata kwa harusi ya jirani. Mzee Mmanga aliwafuata nyumba kwa nyumba, na kwa hilo alifaa hasa, maana hajui kuipita nyumba bila ya kupiga hodi wala kumpita mtu bila ya kumsalimia. Na salamu yake si ya njiani. Huanza na mtu mwenyewe, ikapanda kwa wazazi, ikashuka kwa watoto, ikamalizikia kwa ng'ombe. Mkutano wa saa tatu tukiufungua saa tano, tulishukuru Mungu.

Makao makuu nayo hayakunipunguzia mzigo. Tulipoanzisha mpira wa njuga, ule ambao wasioona huucheza kwa kuusikiliza, maana una kengele ndani, tuliomba miwani ya kuziba macho. Wapo wanaoona kivuli, na sheria inataka wote wawe sawa. Tukaletewa miwani ya kuogelea, safi kabisa, unaona nayo hadi mwisho wa ukumbi. Mimi nikakaa kuandika malalamiko. Mzee Mmanga akaipaka rangi nyeusi iliyobaki kwenye ngalawa ya shemeji yake, na ilipokauka tu mazoezi yakaanza. Kisha ikambidi awaeleze watu wa soko la Konde kwa nini kipofu afungwe macho tena. Maelezo hayo, pamoja na salamu zake, yalichukua mwezi mzima.

Balaa lenyewe ni kwamba mchezo huu unataka kimya. Mchezaji asiposikia njuga hajui mpira unatokea wapi. Na kwetu, mtu akiingia penye watu hutoa salamu, nao hawana budi kuijibu. Basi fikiria ukumbi wa skuli pale Mtambile: Rahila Bakari, mlinzi wetu wa kati, amepiga magoti ametega sikio, mara mlangoni, "Asalamu alaykum!" Ukumbi mzima unaitikia, na sauti inayozishinda zote ni ya mwamuzi mwenyewe, Mzee Mmanga, ambaye haridhiki mpaka aulize na habari za nyumbani. Bao! Nilibandika tangazo la kimya mlangoni. Watu walilisoma vizuri, wakaingia, wakasalimu. Nilipomkanya yeye, alinitazama kwa huruma akasema: "Nkijibu nnaharibu mchezo, nsipojibu nnaharibu akhera. Chagua weye, Khairiya."

Mwaka juzi makao makuu yakatupa sharti. Wakaguzi wangekuja kuangalia mechi moja, na ikishindikana kuchezwa kwa utulivu, timu ya Pemba ingevunjwa na wachezaji wangetakiwa kuhamia Unguja. Kwa Rahila huo ungekuwa mwisho. Mama yake ni mgonjwa na yeye ndiye anayemuuguza. Asingeweza kumwacha kwa ajili ya mpira. Wiki ile ya mazoezi nilikuwa karibu kulia kwa hasira, maana salamu hazikukoma hata siku moja. Mwishowe Rahila akavua miwani, akasema mbele ya wote: "Salamu ya wengi si yatosha akijibu ntu mmoja? Basi huyo mmoja mtoeni nje."

Kila mtu alijua huyo mmoja ni nani. Mwenyewe aliinuka, akampa mwenzake filimbi, akatoka.

Siku ya ukaguzi Mzee Mmanga alikaa kwenye benchi nje ya mlango, akipokea salamu kwa niaba ya ukumbi mzima. Kila aliyefika alijibiwa kwa ukamilifu, akaulizwa hali za nyumbani, ndipo akaruhusiwa kuingia kidole mdomoni. Ndani palikuwa kimya, njuga zikisikika zikibingirika sakafuni. Dakika za mwisho Rahila alijitupa kwa ubavu akauzuia mpira wa hatari kuliko yote, na hata kushangilia tulingoja filimbi. Timu ikabaki.

Tangu siku hiyo, kila mechi, yuko benchini nje. Timu ilipochukua kombe la taifa mwaka jana, ukumbini humo humo, aliyeiunda alikuwa nyuma ya mlango. Alinitaka nimsimulie ilivyokuwa, na nilipofika patamu akanikatiza ili amjibu mpita njia. Hajawahi kulalamika hata mara moja, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko ufunguo, kuliko mikutano, kuliko yote.

Mzee wetu, ahsante. Mungu akupe umri mrefu wenye afya, na nyumba isiyokauka wageni wa kuwasalimia. Jumamosi, kwenye mechi ya kukuaga, kiti chako kiko ndani, mstari wa mbele, upande anaolinda Rahila. Ukifika mlangoni utanikuta mimi kwenye benchi. Nisalimu mimi, nami nitakujibu kwa ukumbi mzima, mpaka habari za ng'ombe. Kisha ingia, nyamaza, uitazame timu yako.